Leseni ya daktari wa meno ni mali ya nani?

MjumbeRaia (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi si daktari wa meno. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, na kwa miaka sita nilikaa kwenye kamati ya nidhamu ya madaktari wa meno kama mjumbe wa upande wa wananchi. Wenzangu walikuwa madaktari. Mimi nilikuwa pale kwa niaba ya yule anayelala kwenye kiti na kufumbua kinywa. Muda wangu umekwisha, na kuna jambo limenikaa moyoni, naomba tulijadili bila haraka.

Niwape picha moja kwanza. Katika shauri langu la tatu, mezani kulikuwa na maandishi ya aina mbili. La kwanza ni daftari la mgonjwa mwenyewe. Alikuwa ameandika kila siku tangu jino ling'olewe, siku arobaini na moja: siku aliyogundua ganzi haijaisha, siku aliyojing'ata mdomo bila kujua mpaka akaona damu kwenye kikombe, siku aliyopiga simu na jina la aliyepokea. La pili ni faili la daktari. Kwa siku ile ya kung'oa palikuwa na mstari mmoja: "Gego la mwisho chini kulia limetolewa. Hakuna tatizo." Basi. Picha ya eksirei haikutajwa, kiasi cha ganzi hakikutajwa, wala hapakuwa na neno lolote kuhusu alichoambiwa mgonjwa kabla koleo halijaingia.

Daktari yule hakuwa mtu mbaya. Akaulizwa, "Ulimweleza kwamba mshipa wa fahamu unapita karibu na mizizi ya gego lile na unaweza kujeruhiwa?" Akajibu, "Huwa nawaeleza wote." Nikamtazama mgonjwa. Alikuwa ameshika kidevu chake kwa vidole viwili, anakibonyeza taratibu, anasikiliza kama kuna kinachorudi.

Kutwa nzima nilisikia maneno "leseni yangu". Wakili wake alizungumza kama vile tumekuja kumpora mteja wake shamba. Nilirudi nyumbani nikiwa na swali ambalo halijaniacha: hivi leseni ile ni mali ya nani?

Mimi naamini ni amana. Tazameni kilichomo ndani yake. Ni ruhusa ya kumchoma mtu sindano, kumpasua fizi, kutoboa jino, kumwandikia dawa. Nikifanya mimi hayo ni jinai. Juu ya ruhusa hiyo, sheria inamzuia kila mtu mwingine asiifanye kazi hiyo. Na bado jamii imewaachia wao wenyewe waamue nani afundishwe nini, nani amefaulu, na mwenzao akikosea ahukumiwe vipi. Hakuna muuza viatu aliyewahi kupewa ulinzi wa namna hiyo. Amana ya uzito huo, mwenyewe ana haki ya kuuliza inatunzwaje, na kuuliza siyo uadui.

Kuna watakaosema tuliache soko liamue, daktari mbovu atakosa wateja. Kwenye meno hilo halifanyi kazi, na sababu ni ya wazi: mgonjwa haoni gego lake. Akiambiwa lina tundu, ana tundu. Akiambiwa yako matatu, ni matatu. Anayepima ni yuleyule anayelipwa kwa kutibu alichokiona. Kazi nyingi mbovu pia hazijulikani leo wala kesho. Mzizi uliozibwa nusu unaweza kukaa kimya miaka, kisha usaha unaanza, na mgonjwa ameshasahau hata nani alimtibu. Kwa hiyo lazima awepo mtu anayechungulia kwa niaba ya mgonjwa, kabla na baada.

Lakini anayechungulia ni nani? Hapo ndipo penye mzozo, maana kwa muda mrefu wachunguzi wamekuwa ni wenye kazi wenyewe. Naomba wenye uzoefu mseme: huu usimamizi tulionao unakilinda kinywa cha mgonjwa, au unalinda tonge la daktari?

---

Pembeni

Mwalimu, nina swali la mtu asiyejua. Kwani hizi leseni zilianza lini? Nilidhani meno yameng'olewa tangu enzi na enzi bila baraza lolote.

---

MjumbeRaia

Ni kweli, ndugu. Kwa karne nyingi kazi hii ilikuwa ya vinyozi, wahunzi na watu wa maonyesho ya minadani. Mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard alichapisha kila alichokijua kuhusu meno, wakati wenzake wakificha ujuzi wao kama siri ya ukoo. Humo humo akaanika hila za matapeli waliojifanya wanaponya. Kwangu mimi huo ndio mwanzo wa taaluma: mtu anayeweka ujuzi hadharani ili yeye mwenyewe aweze kukosolewa.

Sheria zilifuata baadaye sana. Chuo cha kwanza cha udaktari wa meno kilifunguliwa Baltimore mwaka 1840, na mwaka uliofuata jimbo la Alabama likatunga sheria ya kwanza Marekani ya kuwapima wanaotaka kufanya kazi hiyo. Ontario, Kanada, mwaka 1868 waliwapa madaktari wa meno mamlaka ya kujisimamia wenyewe. Uingereza ni 1878. Kwa hiyo unavyoona, ni jambo la juzi tu.

---

Dkt_Kijana

Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwa makini, na nakubali kwamba leseni ni amana. Ila naomba nawe usikie upande wa tulioishika.

Nina miaka minne kazini. Kila siku nikiosha mikono kabla ya mgonjwa wa kwanza, kuna sauti inaniambia leo ndiyo siku. Mwaka jana nilishtakiwa. Mgonjwa alikuwa na jino lililooza hadi chini ya fizi. Nilimweleza kwamba tiba ya mzizi inaweza isifaulu, akasema jaribu. Nikajaribu, haikufaulu, nikamng'oa. Akalalamika. Shauri lilichukua miezi kumi na tisa kabla ya barua kuja kusema sina kosa. Miezi yote hiyo nilikuwa naamka saa tisa usiku kusoma tena maandishi yangu ya siku ile. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima, na ndio uliniokoa.

Sasa niwaambie kilichonibadilisha, maana hiki wananchi hawakioni. Nimeacha kugusa magego magumu. Mgonjwa akija na mzizi uliopinda, namwandikia aende kwa bingwa. Bingwa yuko mbali na foleni yake ni ndefu. Wengine najua hawafiki. Miaka miwili iliyopita ningemsaidia mwenyewe na pengine ningefaulu. Wenzangu wengi wa rika langu wanafanya hivihivi, ila hatusemi.

Ndiyo maana naogopa nikisikia watu wanataka baraza liwe kali zaidi. Ukali unaomchelewesha asiye na kosa miezi kumi na tisa haumlindi mgonjwa yeyote. Mgonjwa wangu naye alikaa muda huohuo hajajua kama alidhulumiwa au la.

---

FundiPleti

Wakuu nami niingie, maana kila mjadala wa meno ni daktari na mgonjwa, sisi wa chumba cha nyuma hatutajwi.

Mimi ni fundi wa meno bandia, mwaka wa ishirini na mbili huu. Daktari anachukua chapa ya kinywa, inaletwa kwangu ikiwa kwenye mfuko, namimina jasi, napanga meno kwenye nta, napika akriliki, nasugua hadi inang'aa. Mwenye kinywa simwoni. Pleti, yaani hayo meno bandia, ikirudi imeandikwa "inambana, punguza kushoto." Kushoto wapi? Napunguza kwa kukisia. Inarudi tena. Kuna mama mmoja pleti yake ilirudi mara nne, ya mwisho imefungwa kwenye kitambaa chake mwenyewe. Ningepewa dakika tano nimtazame anavyofunga taya, ningemaliza siku ileile.

Sheria hainiruhusu. Nikimtia kidole kinywani, nimevunja sheria na naweza kufungwa. Hata nimpe pleti niliyoitengeneza kwa mikono yangu nimwambie "iweke nione", ni kosa. Lakini Denmark, Finland na sehemu nyingi za Kanada, fundi aliyeongeza masomo anaruhusiwa kumpokea mgonjwa asiye na meno moja kwa moja, akampima na kumtengenezea. Binadamu wa huko wana fizi kama za huku kwetu.

Kwa hiyo mwalimu, jibu langu kwa swali lako ni fupi. Uzio ule wa leseni haujengwi kwa ajili ya mgonjwa peke yake. Kuna upande umejengwa kwa ajili ya tonge, na sisi ndio tunaouona vizuri kwa sababu tuko nje yake.

---

MjumbeRaia

FundiPleti, nimekusoma mara mbili. Habari ya kitambaa imenigusa.

Nikupe historia ambayo naona inakuhusu. Ile sheria ya Uingereza ya 1878 ilikuwa na tundu kubwa. Ilianzisha daftari la usajili na kulinda *jina*: asiyesajiliwa asijiite daktari wa meno. Kazi yenyewe haikulindwa. Mtu angeweza kufungua chumba, akaandika nje maneno mengine yoyote, akang'oa meno kutwa. Mahakama zikaamua hivyohivyo, kwamba sheria inakataza jina na siyo koleo. Kwa zaidi ya miaka arobaini wasiosajiliwa wakawa wengi kuliko waliosajiliwa.

Mwaka 1921 wakaamua kufunga tundu. Sasa angalia walivyolifunga, maana hapa kuna hekima. Hawakuwafukuza wote siku moja. Walisema: aliyefikisha miaka 23, mwenye tabia njema, ambaye katika miaka saba iliyopita ameishi kwa kazi hii kwa miaka mitano, aombe aingie kwenye daftari. Walijua wakiwafukuza wote, kuna vijiji vitabaki bila mtu wa kung'oa jino. Wakawaingiza ndani ambako wanaonekana na wanaweza kuadhibiwa, kisha mlango ukafungwa kwa wanaokuja bila masomo.

Mwaka huohuo wa 1921, New Zealand walifanya jambo la ujasiri zaidi. Walianza kufundisha wasichana kwa miaka miwili kuwa wauguzi wa meno, wakawapeleka mashuleni kuziba na kung'oa meno ya watoto. Siyo madaktari. Kuna madaktari waliopinga, wakisema miaka miwili haitoshi. Mpango ukaendelea vizazi kwa vizazi na nchi nyingi zikauiga.

Najua mtanijibu kwamba ni zamani. Basi njoo Alaska. Mwaka 2003 vijana wa jamii za wenyeji walipelekwa New Zealand hiyohiyo kusomea kazi hii, wakarudi kutibu kwenye vijiji ambavyo hufikiwa kwa ndege ndogo. Mwaka 2006 vyama vya madaktari wa meno viliwapeleka mahakamani, na 2007 jaji akasema waendelee. Vijiji vile havikuwa na daktari wa meno wa kukaa. Sijaelewa hadi leo aliyekuwa analindwa pale ni nani.

Kwako daktari kijana: marahaba. Nimekaa upande wa pili wa ile meza uliyokuwa unaiogopa, na nakiri kwamba ucheleweshaji ni dhambi yetu. Mara nyingi faili lilikuwa limelala kwa sababu tu hakuna aliyelisoma. Tulikuwa tunachukua lalamiko la bili na lalamiko la mfupa uliovunjika tunayaweka kwenye foleni moja. Hilo halikuhitaji sheria mpya. Lilihitaji mtu mmoja mwenye ujuzi wa kuyachambua asubuhi yakiingia, na hatukumweka.

---

WakiliMstaafu

Nimefuata uzi huu tangu asubuhi. Mwalimu anauliza nani anachungulia. Kuna kesi moja ambayo kila anayejadili mambo haya anapaswa kuijua.

North Carolina, Marekani. Baraza la madaktari wa meno la jimbo hilo lilikuwa na wajumbe wanane. Sita ni madaktari wenye kliniki zao, waliochaguliwa na madaktari wenzao. Mmoja ni msafisha meno mwenye taaluma. Mmoja ndiye mwananchi. Ikaanza biashara ya kung'arisha meno madukani na kwenye saluni, kwa gharama ndogo kuliko kliniki. Madaktari wakalalamika kwa baraza. Kuanzia 2006 baraza likawatumia wang'arishaji barua zisizopungua 47, kuwaamuru waache, nyingine zikitaja jinai. Biashara ikafa jimbo zima.

Suala likafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Februari 2015 majaji sita dhidi ya watatu waliamua hivi: baraza ambalo wengi wa wajumbe wake wanafanya biashara hiyohiyo wanayoisimamia haliwezi kujificha nyuma ya kinga ya serikali dhidi ya sheria za ushindani, isipokuwa serikali yenyewe iwe inalisimamia kwa vitendo. Kilichonigusa kwenye hukumu ni jambo dogo. Katika malalamiko yaliyopelekwa barazani, machache yalitaja madhara kwa mteja. Mengi yalilalamikia bei kuwa chini.

Someni tena sentensi hiyo. Chombo kiliundwa kulinda vinywa, kikaitikia kilio cha mifuko. Sidhani wale wajumbe sita walikaa wakapanga ubaya. Ukimweka mtu awe refa wa mechi anayocheza, filimbi italia upande wake hata kama hana nia.

Uingereza walipitia njia nyingine. Baraza lao la meno lilianzishwa mwaka 1956, likijaa wanataaluma. Leo lina wajumbe kumi na wawili, sita wa taaluma na sita raia, na wote wanateuliwa, hawachaguliwi kwa kura za wenzao. Tofauti ni kubwa. Uliyechaguliwa na madaktari una deni kwa madaktari.

---

Dkt_Kijana

Mzee wangu wakili, kesi hiyo naifahamu na hukumu naiheshimu. Lakini tusije tukaondoka hapa watu wakidhani kung'arisha meno ni kama kupaka rangi kucha.

Dawa inayotumika ni ya jamii ya haidrojeni peroksaidi. Ikiwa kali inaunguza fizi. Ikiwekwa kwenye jino lenye ufa au tundu, inapenya hadi ndani, na maumivu yake siyatamanii kwa mtu. Na kuna jino moja jeusi ambalo halipaswi kung'arishwa kabisa kabla ya picha, kwa sababu limekufa na chini yake kuna usaha. Asiyesoma ataling'arisha, mteja atafurahi, na ugonjwa utaendelea chini kwa chini.

Ndiyo maana Umoja wa Ulaya waliweka mstari: dawa yenye zaidi ya asilimia 0.1 hadi asilimia 6 ya peroksaidi hiyo inauzwa kwa madaktari wa meno tu, matumizi ya kwanza yafanywe na daktari au chini ya macho yake, na isitumike kwa aliye chini ya miaka 18. Uingereza nako, mwaka 2013 mahakama ilisema kung'arisha meno ni kazi ya udaktari wa meno. Swali lilelile, na majibu yakaenda njia tofauti kwa sababu waliulizwa kwa namna tofauti. North Carolina waliuliza nani ana mamlaka ya kuzuia. Hawakusema kwamba dawa ni salama kwa kila mkono.

---

WakiliMstaafu

Nakubaliana nawe kabisa, daktari, na umelisema vizuri kuliko mimi. Kizuizi kile cha asilimia kina sababu inayoweza kupimwa na mtu yeyote. Barua za baraza hazikuwa na kipimo. Tofauti hiyo ndiyo ninayoitafuta katika kila kanuni: nionyeshe madhara unayoyazuia.

---

BubuNusu

Naomba nami niandike. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu.

Mwalimu, yule mgonjwa wako wa daftari ningeweza kuwa mimi. Niling'olewa gego la mwisho, chini kushoto, yapata miezi mitatu sasa. Niliambiwa ganzi itaisha jioni. Haijaisha. Nusu ya mdomo wangu wa chini na kidevu ni kama si vyangu. Nikinywa kitu cha moto sijui kama ni cha moto upande ule. Mtoto wangu mdogo akinibusu, najua amenibusu kwa sababu namwona.

Nilirudi mara mbili. Mara ya kwanza aliniambia nisubiri. Mara ya pili alikuwa na haraka, akasema "hiyo hutokea", akaita mwingine. Sikuambiwa kabla kwamba hutokea. Labda bado ningekubali, jino lilikuwa linauma mno. Lakini ningekubali nikijua.

Sitaki afukuzwe kazi. Sitaki hela. Nataka mtu aniambie kilichotokea ndani ya mdomo wangu. Mnaongea mabaraza na mahakama, mimi sijui hata pa kuanzia. Naogopa pia kwamba nikishtaki, siku nikiumwa jino jingine hakuna atakayenipokea.

---

MjumbeRaia

Dada, karibu, na pole sana. Nimeacha kila kitu nikujibu wewe kwanza.

La mwanzo: nenda uonwe upya, na mtu mwingine, na usingoje tena. Mshipa uliojeruhiwa una muda wake wa kufuatiliwa. Kuna unaopona wenyewe kwa miezi, na kuna ambao ukicheleweshwa nafasi inapita. Omba upelekwe kwa bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya. Hili lifanye hata kama hutalalamika popote.

La pili: omba nakala ya faili lako na picha zako za eksirei. Ni habari za mwili wako. Omba kwa maandishi, weka tarehe, baki na nakala.

La tatu: andika. Siku ulipong'olewa, saa, uliambiwa nini kwa maneno uyakumbukayo, ulirudi lini, alisema nini. Chora kidevu chako, uweke mstari mahali hisia inapoishia, uandike tarehe pembeni. Baada ya wiki mbili chora tena. Madaktari wenyewe hufanya hivyo, na itakuonyesha kama unapona.

La nne: tafuta jina lake kwenye daftari la usajili. Daftari hilo liliwekwa ili mtu kama wewe alisome. Kisha, kabla ya baraza, mwandikie yeye mwenyewe au mkuu wa kliniki barua ya utulivu yenye lile swali ulilotuuliza sisi: nini kilitokea ndani ya mdomo wangu? Kwa niliyoyaona kwa miaka sita, malalamiko mengi yalifika kwetu kwa sababu swali hilo halikujibiwa na mtu. Jibu lisiporidhisha, au lisipokuja, ndipo uende barazani. Na wa kukukataa kwa sababu ulilalamika ndiye atakayekuwa na kosa, siyo wewe.

Ile "hiyo hutokea" ni kweli. Hutokea hata kwenye mikono mizuri. Lakini Machi 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilibadilisha kipimo kizima cha ridhaa. Zamani waliuliza: je, madaktari wenzake wangeona inatosha kumwambia mgonjwa hivi? Sasa wanauliza: je, mtu wa kawaida aliye kwenye nafasi ya mgonjwa huyu angetaka kujua hatari hii? Kesi yenyewe ilikuwa ya uzazi, na imeshika hadi kwenye kiti cha meno. Umeandika mwenyewe, "ningekubali nikijua". Majaji walihitaji kurasa nyingi kufika hapo.

---

Dkt_Kijana

Dada BubuNusu, nimesoma maneno yako nikiwa kliniki, kati ya wagonjwa wawili. Naomba nikuongezee kitu kimoja cha kitaalamu. Ukifika kwa bingwa, mwambie akupime kwa pamba na kwa ncha butu, upande mmoja baada ya mwingine, ukiwa umefumba macho, na akuandikie matokeo. Pia muulize kama picha ya kabla ya kung'oa inaonyesha mzizi umegusana na mfereji wa mshipa. Kama picha hiyo haipo, hilo nalo ni jibu.

Na niseme ukweli. Nimejiuliza ni wagonjwa wangapi niliwaambia "hiyo hutokea" nikiwa na haraka. Nimetoa karatasi ya maelezo ninayowapa kabla ya kung'oa, nimeisoma upya. Neno kuhusu mshipa liko mstari wa mwisho, kwa herufi ndogo. Nimelipandisha juu.

---

FundiPleti

Daktari, hapo umeniheshimisha kazi yote ya meno. Dada, usichoke.

Swali langu la yule mama ambaye pleti yake ilirudi mara nne halijajibiwa lakini, wakuu. Nalirudisha mezani kwa mwalimu na wakili. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilisema karibu watu bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa, karibu nusu ya binadamu wote. Hatutawamaliza kwa mikono ya madaktari peke yao. Sitaki kuwa daktari. Nataka mtihani. Nipeni masomo, nipeni mtihani mgumu, niwekeni kwenye daftari ili nikikosea niitwe mbele ya watu kama mwalimu. Ninaomba kusimamiwa, na ninaambiwa hapana.

---

WakiliMstaafu

Ndugu FundiPleti, andika hayo kama ulivyoyaandika hapa, bila kupamba, uyapeleke kwa chombo kinachotunga kanuni, siyo kwa baraza la madaktari peke yake. Kanuni mpya nyingi hutangazwa maoni yakiombwa kwa wiki chache, na wanaoleta maoni ni walewale. Ambatanisha sheria za Denmark na Finland. Ukiwa na rasimu, iweke hapa, nitaipitia.

---

BubuNusu

Nimerudi kuwapa taarifa. Jina lake lipo kwenye daftari, amesajiliwa, hana doa. Nimefarijika, sijui kwa nini.

Leo nimepeleka barua ya kuomba faili na picha. Aliyepokea aliisoma, akaniuliza kama nataka kushtaki, nikamwambia nataka kuona. Akaigonga muhuri. Wamesema nirudi Jumatano.

Usiku nimechora kidevu. Mstari unaishia chini kidogo ya kona ya mdomo. Nimeweka tarehe.